Mluzi wa Gari Jekundu

Jumatatu, 3 Februari

Tajudini ameniagiza kuandika. "Mukwe," aliniambia leo kwenye garaji yake pale Jabe, akijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, "gari ni kama mugonjwa. Ukifika kwa munganga unasema tu 'naumwa', atakupa kidonge ya nini? Andika. Imelia saa ngapi, ilikuwa ya moto ao ya baridi, gia ni vitesi ya ngapi, mvua iko ao haiko, esansi ya tanki ni ngapi kwa geji. Andika kila siku, hata yenye unaona haina maana."

Basi nimechukua daftari ambalo binti yangu Amira aliliacha alipomaliza chuo cha uuguzi. Ukurasa wa kwanza una mchoro wa figo. Naanzia wa pili.

Mgonjwa: gari la mbio la Kijapani, jekundu, milango miwili, lina turbo, na nyuma lina bawa ambalo kuku wa jirani wamelifanya kitanda. Umri, miaka kumi na tisa. Usukani uko kulia, na huku kwetu magari yanapita upande wa kulia, kwa hiyo nikitaka kupita lori lazima nimwombe mke wangu achungulie kwanza.

Mwenye mgonjwa: Hamimu, miaka hamsini na tatu, muuza vifungo, zipu na uzi sokoni Jabe, mkazi wa Mutakura, tumbo linagusa usukani. Watoto wa mtaa wananiita Haji Turbo. Maka sijafika; turbo ninayo.

Ugonjwa: mluzi. Mwembamba, mrefu, kama wa mbu aliyesoma hadi chuo kikuu. Ukisikiliza mbele unasikia nyuma, ukisikiliza nyuma unasikia mbele.

Nililinunua Desemba kwa bwana mmoja wa Carama aitwaye Ildephonse. Nilikuwa na ujana kidogo uliobaki, nikaona nisiuache uharibike. Mwantum, mke wangu, alilizunguka mara moja akasema, "Wengine wakifika umri huu wanaoa mke wa pili. Alhamdulillahi, wangu ameoa bati."

Haraka yangu ni hii. Tarehe 12 Aprili, inshallah, gari hili ndilo litakalomtoa Amira hapa nyumbani kumpeleka Jabe kwa Ilyasi, mtoto wa huyohuyo Tajudini. Siku hiyo nataka zisikike vigelegele, si mbu.

Jumanne, 4 Februari

Imelia. Asubuhi, injini ya baridi, vitesi ya tatu. Manyunyu.

Naandika na jambo jingine, ingawa halimhusu Tajudini. Tangu esansi iwe ya kupanga foleni siku mbili, wezi wananyonya matanki mtaani. Jirani yangu Valéry, mtumishi wa serikali, alilala na tanki lililojaa akaamka na tanki la upepo. Mimi si mjinga. Kila alasiri nikirudi nafunga geti, natia mrija kwenye tanki, navuta kwa mdomo, esansi inashuka kwenye bido, yaani dumu la plastiki. Naacha kiasi cha kwenda Jabe na kurudi, basi. Mabido yako chumbani kwa Amira nyuma ya masanduku ya harusi, chini ya shuka. Ni akiba ya tarehe 12. Sitaki bibi harusi wa Hamimu asukumwe na wapita njia.

Mwantum anasema vitenge vya bibi harusi vinanukia kituo cha mafuta.

Jumatano, 5 Februari

Imelia. Mvua. Mrija.

Ijumaa, 7 Februari

Imelia kwenda. Imelia kurudi. Mrija.

Jumatatu, 10 Februari

Nimelipeleka. Tajudini alifungua boneti, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake kwenye sikio, akafumba macho. Mteja mmoja akauliza kama anasikiliza habari za saa saba. Akabadilisha mkanda mmoja uliochoka, akaniambia nikae ninywe chai, akaenda kulijaribu barabara ya uwanja wa ndege. Alirudi anatabasamu.

"Kimya, mukwe. Kama msikiti ya saa nne."

Nikarudi nalo Mutakura. Kimya kweli. Nikamwombea dua. Mrija kama kawaida.

Jumanne, 11 Februari

Imelia.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekwenda Carama kwa Ildephonse, nimeuvaa uso wangu wa kudai haki. Nilimkuta anapalilia maharage nyuma ya nyumba, na jembe hakuliweka chini.

"Sikia, Mzee Hamimu. Kwangu haikulia hata siku moja."

"Kwako miaka mingapi?"

"Mine. Mi niliinyima usingizi, lakini chakula sikuinyima." Akacheka peke yake. "Labda inanikumbuka."

Mtu anayecheka peke yake ana siri. Nimeandika jina lake pembeni na alama ya kuuliza.

Jumatatu, 17 Februari

Kwa Tajudini tena. Leo ni mafuta ya usukani. Yalikuwa meusi kama kahawa ya msibani. Akayamwaga, akaweka mapya, mimi chai, yeye barabara ya uwanja wa ndege. Kimya. Akaniuliza, "Kitabu ya mugonjwa iko wapi?" Nikasema nimelisahau. Uongo, lilikuwa ndani ya koti. Lakini lina habari za mabido, na mtu hamwonyeshi mukwe ghala lake wakati mji mzima uko kwenye foleni.

Jumanne, 18 Februari

Imelia. Imelia mpaka nimeona aibu kupita mbele ya watu.

Valéry alikuwa ukutani kwake ananisubiri. Ukuta wetu wa kati ni mfupi, na yeye ana shingo ndefu ya ofisini.

"Mzee Hamimu, gari yako inanyamaza kwa fundi, inalia kwako?"

"Ndiyo hivyo."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Na wakati anaijaribu, we uko wapi?"

"Nakunywa chai."

Akainamisha kichwa kama anayesoma faili. "We ni mufanyabiashara. Mutu akikuletea koti na vifungo sita, akarudi nayo na vifungo sita, utajua je kama ni vyake? Turbo ya gari kama ile inatafutwa. Wanatoa mupya, wanaweka ya zamani. Mi sisemi kitu. Mi niko tu kwa ukuta."

Nilimwambia Tajudini ni mukwe wangu.

"Ndio maana," alisema.

Jumatano, 19 Februari

Imelia. Sikula vizuri. Kule sokoni naweza kutofautisha kifungo cha pembe na cha plastiki kwa ulimi, macho nimefumba. Lakini turbo yangu mwenyewe ukiniletea kwenye sahani nitauliza kama imekaangwa.

Nimechukua rangi ya kucha ya Amira, nyekundu. Nimejipinda chini ya boneti nikaweka nukta tatu kwenye turbo, mahali pa siri, chini, upande wa bati linalotenga injini na dereva. Nimeungua kiwiko. Sasa tutaona.

Jumatatu, 24 Februari

Imelia. Mvua ya mawe madogo. Mrija. Midomo yangu imechubuka kwa esansi; Mwantum anauliza kama namlamba gari.

Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani imeingia, na pamoja nayo swali la kifiqhi. Baada ya swala nilimwuliza shehe, kwa niaba ya jamaa mmoja wa mbali, kama mtu anayevuta esansi kwa mrija ikamgusa ulimi amefungua.

Shehe alinitazama midomo. "Mwambie huyo jamaa aache kunywa esansi hata ikiisha Ramadhani."

Nimeacha mrija. Jumamosi na Jumapili nilikaa foleni nikajaza tanki. Usiku nalifunga gari kwa turubai, na kuku juu yake kama walinzi.

Alhamisi, 6 Machi

Haikulia.

Ijumaa, 7 Machi

Haikulia. Mvua kubwa, Mto Ntahangwa umejaa matope.

Jumatatu, 10 Machi

Haikulia. Siku ya nane.

Nimekaa dukani nikawaza. Sijabadilisha kitu. Barabara ileile, shoferi yuleyule mnene. Kilichobadilika ni mwezi tu. Sasa nani anayebadilika mwezi ukiingia? Mtu mwenye jambo moyoni. Fundi akifunga, gari linanyamaza. Sijui anafanyaje akiwa mbali, lakini ushahidi gani tena? Astaghfirullah, ni funga, nisimdhanie mtu. Ila nimeandika.

Jumanne, 11 Machi

Wamemnyonya tena Valéry. Amepiga kelele mpaka muadhini akangoja. Sokoni nimepata pampu ndogo ya mkono, ya kuminya kama kiwele cha mbuzi, haigusi mdomo. Nimeshukuru kwa maendeleo ya dunia na nimekamua tanki mara moja.

Jumatano, 12 Machi

Imelia.

Alhamisi, 13 Machi

Imelia, na sasa ina sauti mbili, ya mbu na ya mama yake.

Jumatano, 19 Machi

Siku mbili limelala kwa Tajudini. Anasema ni rulma ya gurudumu la nyuma, ile pete yenye vigololi, imekwisha. Ameniwekea nyingine. Safari hii nilimwambia nitakwenda naye kulijaribu. Akasema, "Apana mukwe, umefunga, jua ni kali, kaa kivulini." Kivulini. Nilikaa, lakini nilimwona akiligeuza kwanza nyuma ya garaji, kwenye kibanda chake cha mabati, na kukaa huko kama dakika tano kabla ya kutoka barabarani.

Dakika tano za nini?

Limerudi kimya. Nukta za turbo sikuzifikia, injini ilikuwa ya moto. Geji ya esansi imepanda kidogo kuliko nilivyoiacha. Na geji ya gari hili nayo ni mwongo kama wengine.

Ijumaa, 21 Machi

Imelia.

Ilyasi alikuja na sambusa za kufuturu kutoka kwa mama yake. Kijana mzuri, anafanya kazi kwenye duka la dawa, anaongea kama anayesoma maelezo ya chupa. Tulipobaki wawili nikamwuliza polepole:

"Mwanangu, baba yako anafanya nini na gari langu kule kwa mabati?"

Akashusha macho kwenye sahani. "Muulize yeye, baba."

"Nakuuliza wewe."

"Mi sina ruhusa."

Niliirudisha sambusa kwenye sahani. Kumbe kuna kitu, na mtoto anakijua, na amekatazwa kukisema. Amira alikuwa mlangoni na chai. Sijui alisikia mangapi.

Jumatano, 26 Machi

Leo nitaandika mengi, na mengi yake yananiaibisha.

Asubuhi mvua ilishuka kama imekatiwa kamba. Nilikuwa na kiasi changu cha kwenda na kurudi. Karibu na daraja la Ntahangwa gari likaanza mluzi, ukapanda, ukapanda, nikadhani litaruka na bawa lake. Kisha likakohoa mara mbili likafa katikati ya barabara. Malori nyuma, pikipiki pembeni. Vijana wa kuuza maembe wakalisukuma hadi ukingoni wakiimba Haji Turbo, Haji Turbo. Mmoja akaniuliza kama turbo inakula maembe.

Nilitembea kwa miguu hadi Jabe. Nilipofika garaji nilikuwa nimelowa hadi kwenye kofia, na moyoni nina Valéry, na kibanda cha mabati, na macho ya Ilyasi kwenye sahani. Watu walikuwa wengi, wamejikinga mvua. Tajudini alikuwa chini ya lori. Sikungoja atoke. Niliongea na miguu yake.

"Tajudini, nirudishie turbo yangu."

Miguu ikatulia. Akatoka polepole, akakaa kwenye maji ya mvua ananitazama kutoka chini.

"Umesema je, mukwe?"

"Umenisikia. Kwako inanyamaza, kwangu inalia. Umetoa yangu, umeweka mzoga. Hata mtoto wako anajua."

Jabe ni mahali ambapo habari inafika kabla ya mwenyewe, na niliiona ikianza safari machoni mwa wale watu.

Tajudini hakupandisha sauti. Alinawa mikono kwa sabuni, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Akachukua kamba na pikapu yake, tukaenda hadi darajani sisi wawili, tukalivuta gari hadi garaji. Mbele ya watu wote akafungua boneti.

"Turbo yako ina alama gani?"

Nilifikiri kukana. Nikasema, "Nukta tatu. Nyekundu. Chini."

Akaingiza kioo kidogo chenye mpini na taa, akanisogeza kichwa kwa mkono, kama mtu anayemwonyesha mtoto mwezi. Nukta tatu. Nyekundu. Rangi ya kucha za binti yangu, haijachubuka hata moja.

"Ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliweka lini?"

"Februari."

"Februari," alisema. Akafunga boneti taratibu. "Tangu Februari unakunywa chai yangu na alama iko humu."

Alirudi chini ya lori.

Alhamisi, 27 Machi

Mshenga wetu, Mzee Chabani, amekuja. Kwa kawaida huingia anataniana na Mwantum. Leo alikaa ukingoni mwa kiti.

"Hamimu, nimetumwa. Tajudini anasema hivi: hatukani, haapi, hamchukii mutoto. Lakini hawezi kutoa mutoto wake kwa nyumba yenye yeye anaitwa mwizi. Anataka kitu kimoja. Kile kitabu chenye alikuomba. Ukilete Jumapili baada ya kufuturu, asome mwenyewe kwa macho yake. Akikisoma atasema kama tarehe iko ao haiko."

"Kitabu cha gari?"

"Alisema mutu mwenye anamuita mwizi lazima ameandika kwa nini."

Mwantum alisubiri atoke. Hakunigombeza, alikwenda kukunja vitenge vya Amira na kuvirudisha sandukuni kimoja kimoja.

Ijumaa, 28 Machi

Nimelisoma daftari hili lote tangu figo. Ya Rabi. Kuna Valéry na shingo yake, kuna Ildephonse na alama ya kuuliza, kuna mimi nikimtuhumu mtu aliyefunga kwamba anafunga kwa hila. Na mabido. Kila ukurasa mabido.

Nimenunua daftari jipya. Nimekaa nyuma ya zipu kuanzia saa tatu hadi alasiri, nikanakili kwa mwandiko mzuri: tarehe, saa, vitesi, mvua, imelia, haikulia. Pa esansi nimeandika "kawaida". Limetoka safi. Ungelisoma ungesema mwenyewe ni mtu wa maana.

Jumamosi, 29 Machi

Amira ameyakuta madaftari yote mawili. Aliniita chumbani kwake. Ameketi kitandani, mabido yako wazi miguuni kwake, shuka ameitoa. Yako saba.

"Baba, utampelekea gani?"

"Lile safi."

"Lile safi halina kitu." Alifungua la zamani, na kalamu mbili mkononi, kama wanavyofanya wodini na karatasi za homa. "Nimepiga mustari chini ya siku zote zenye imelia. Kisha nimepiga mustari chini ya siku zenye ulifanya mrija. Angalia mwenyewe. Mi si fundi."

Niliangalia. Mstari wa bluu na mstari mweusi ilitembea pamoja kama watu wa nyumba moja. Ramadhani mrija ulipolala, mluzi ulilala. Pampu ya kukamua ilipoingia, mbu akarudi na mama yake.

"Inaweza kuwa bahati tu," nilisema.

"Inaweza. Lakini baba, hata kama si hivyo." Akaziweka kalamu juu ya bido. "Ukimpelekea lile la uongo akakubali, mi nitaolewa juu ya uongo. Nitakuwa namuangalia bamukwe kila siku, nikijua. Afadhali aseme apana."

Nilikaa pale na mabido yangu saba. Nilikuwa nimeweka akiba ya kila kitu cha harusi isipokuwa harusi.

Jumapili, 30 Machi

Tulifuturu kwao: tende, uji, kimya. Mzee Chabani katikati, Ilyasi karibu na mlango. Nilitoa daftari la zamani, lile la figo, nikaliweka mbele ya Tajudini. Akavaa miwani iliyofungwa waya.

Alisoma kila ukurasa. Sijawahi kuona mtu akisoma polepole namna ile. Kwenye "kitambaa kichafu kuliko mikono" aliangalia mikono yake. Kwenye swali la shehe mabega yalimtikisika, lakini hakutoa sauti. Kwenye siku ya nane bila mluzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na mimi nikatazama zulia. Kisha akafika kwenye mistari ya Amira, akarudi nyuma kurasa, akaenda mbele, akarudi.

"Unabakizaka ngapi kwa tanki?"

"Ya kwenda na kurudi."

"Lita tatu? Ine?"

"Kama hivyo."

Akaliweka daftari chini. "Mukwe. Pompi ya esansi, ile yenye inapelekea moteri, haiko mbele. Iko ndani ya tanki. Inakaa ndani ya esansi kama samaki. Esansi ndiyo inaipa baridi, ndiyo inaipa kunywa. We umeitoa maji miezi miwili, ikabaki inavuta upepo na uchafu wa chini. Mutu wa hivyo atanyamaza?"

"Basi ni pompi."

"Ni pompi. Na sasa umeiua."

Mzee Chabani alisema Alhamdulillahi, akachukua tende nyingine. Lakini mimi nilikuwa na neno moja limebaki, na ni la mtu mwenye tabia mbaya: sikuweza kuliacha.

"Kwa nini kwako ilinyamaza?"

Tajudini akamwuliza mkewe kama chai imekwisha. Haikuwa imekwisha, ilikuwa mbele yake.

"Tajudini. Kwa nini kwako?"

"Baba," alisema Ilyasi kutoka mlangoni, "mwambie, ao mi niseme."

"We nyamaza."

"Alikuwa anakuwekea." Kijana alisema akinitazama mimi. "Kila mara. Anaona geji iko chini, anasema mukwe amekosa esansi, anaona haya kuomba. Anaipeleka nyuma ya mabati watu wasione, anamwaga bido yake, ndio anaenda kujaribu. Ile ya siku ya rulma tulipanga foleni siku mbili, mi na yeye, tulifuturia kwa pikapu."

Marehemu baba yangu alikuwa akisema unachotia kwenye chungu cha mukwe hukitaji, hata kikiwa ni chumvi. Nilikuwa nimeisahau kanuni hiyo, na yule niliyemwita mwizi alikuwa ameishika mpaka ikamficha ugonjwa. Maana kila alipolitoa gari barabarani alilinywesha kwanza, na mluzi ule kwa masikio yake hajausikia hata siku moja.

Nilisimama. Nilitaka kusema kitu kirefu, cha watu wazima. Ilitoka, "Nisamehe, ndugu yangu. Mbele ya watu nilikuaibisha, mbele ya watu nitasema."

"Utasema," alisema Tajudini. Akasogeza kikombe changu karibu nami. "Na tarehe iko. Lakini kwanza kaa, chai inapoa. Hii hatujaweka alama."

Jumatano, 2 Aprili

Idd imepita. Leo saa nne, wakati garaji imejaa, nilisimama kwenye lango nikasema nilichopaswa kusema, kwa sauti ya mnada. Watu walitikisa vichwa. Muuza maembe mmoja, simjui alitoka wapi, akasema, "Haji Turbo amefunguka." Tajudini alikuwa chini ya lori. Miguu yake ilisikiliza.

Jumapili, 6 Aprili

Pompi mpya iko ndani ya tanki. Mabido saba nimeyatoa mchana, geti wazi. Manne yamekwenda kwenye gari jekundu. Valéry alikuwa ukutani, shingo imerefuka kuliko siku zote.

"Mzee Hamimu, kumbe yote hiyo ilikuwa kwako, na mi naenda kazini kwa miguu?"

"Leta bido," nilimwambia. Nimempa moja. Alipokuwa anamimina aliniuliza, kwa sauti ya faili, kama nina hakika kuhusu yule Ildephonse. Nikamwambia ashike vizuri, inamwagika.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua asubuhi, jua saa sita. Kutoka Mutakura hadi Jabe, vitesi zote. Amira nyuma na shangazi zake wawili, wamejipanga kama zipu iliyofungwa kwa nguvu. Mwantum mbele ananichungulia malori. Vigelegele mwanzo hadi mwisho. Mbu hayupo.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua zinaanza kupungua. Mrija Mwantum ameukata, anafungia nyanya.

Saa ya adhuhuri nilipita Jabe. Garaji ilikuwa tupu, wote wako msikitini, pikapu ya Tajudini imeegeshwa nyuma ya mabati. Kifuniko cha tanki lake hakina funguo. Nilikuwa na mabido mawili yaliyobaki. Nilichelewa rakaa moja.

Saa kumi simu ikalia.

"Mukwe," alisema, "kuna ajabu hapa. Niliacha pikapu kwa robo, nimerudi geji iko juu ya nusu. Una habari?"

"Mimi ni mtu wa vifungo, najua nini?"

Nyuma yake nilisikia nyundo.

"Basi nifanye je?"

"Andika," nilimwambia. "Andika kila siku, hata yenye unaona haina maana."